Banjo, Bibi na Ngome ya Mjerumani

Kuna mzee wa kanisa hapa Ruiru aliniona nimebeba banjo mgongoni akaniuliza kama naenda kupiga mugithi. Sikuwa naenda mugithi. Nilikuwa nimetumwa na Bibi niombe ruhusa ya kupiga wimbo mmoja kwenye ibada ya kumkumbuka guka, ule wimbo wa Martin Luther wa ngome, uliotoka kwenye Zaburi ya 46. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu ile tabasamu ya mtu ambaye ameshaamua, akasema hapana. Kanisani kuna kinanda. Banjo ni chombo cha baa na cha sinema za kauboi. Na wimbo wenyewe, kijana, ni wa jadi. Hauchezewi.

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamjibu: lakini mzee, si Luther mwenyewe alichukua nyimbo za baa akazitia maneno ya Mungu?

Akaniuliza, "Nyimbo zipi?"

Wasee, sikuwa na hata mmoja. Nimesema hiyo kitu kwenye video zangu kama mara tatu, na watu wakanipigia makofi, na sikuwahi kujiuliza ni wimbo gani. Nilitoka hapo nimenyamaza, nikapanda matatu, nikakaa dirishani na banjo kwa magoti nikijiona fala. Miezi miwili iliyofuata nimekuwa nikisoma usiku. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo hakuna mwalimu wa kunisahihisha ila nyinyi. Hiki ndicho nilichopata. Nusu yake inaniunga mkono. Nusu nyingine inamuunga mkono mzee, na hiyo pia nitaiandika.

Kwanza, Bibi. Wenzangu wengi Thika na Ruiru wana shosho au cucu. Mimi nina Bibi, kwa sababu yeye ni Mchaga wa Machame, upande wa Kilimanjaro, na anaongea Kiswahili ambacho nikimjibu kwa Sheng ananiambia nimeze kwanza ndio niseme. Guka alikuwa Mkikuyu, mfanyakazi wa reli. Enzi hizo reli ilikuwa moja, East African Railways, na mtu wa Kiambu angeweza kupelekwa Moshi kama vile leo unavyopelekwa Nakuru. Akapelekwa Moshi. Akamwona Bibi akitoka kanisani. Mengine mnayajua. Mwaka wa 1974 guka akarudishwa Kenya, wakaanza maisha katika chumba kimoja Thika.

Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tumefundishwa hiyo shule kama swali la alama mbili: taja sababu. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ukakaa hivyo hadi mwisho wa 1983. Karibu miaka saba. Baba yake Bibi alifariki 1979. Ukitoka Thika leo asubuhi unaweza kula chakula cha jioni Machame. Mwaka huo kwa mtu wa kawaida mwenye watoto wawili wadogo na bila pesa, ilikuwa sawa na kuambiwa baba yako amefia mwezini. Habari zenyewe zilimfikia akiwa ameshazikwa wiki tatu.

Alichoambiwa kwenye barua ni kwamba watu wa tarumbeta walikuja wote, na walipiga ule wimbo wa ngome. Baba yake alikuwa mmoja wao. Bibi hakuwepo. Ameishi na hicho kitu zaidi ya miaka arobaini, na hakuwahi kukitaja hadi niliporudi nyumbani kutoka chuo nikiwa sina la kufanya, nikaanza kumkeresha na banjo.

Banjo niliipata Makongeni, kwa jamaa anayeuza vitu vya mtumba, sufuria, masanduku, raketi za tenisi. Elfu sita. Uzi mmoja haukuwepo, na Thika nzima nyuzi za banjo hakuna, kwa hivyo nikakata uzi wa kwanza wa gitaa nikaufunga hapo. Hata hivyo mimi nina bahati. Wazee wetu walipokuwa wanajitengenezea magitaa ya mabati walitumia waya wa breki ya baiskeli.

Sasa, Luther.

Tukianza na chombo chake mwenyewe, maana hapa ndipo kuna utamu. Luther alikuwa mpigaji. Alipiga kinanda cha nyuzi kinachoitwa lute. Hilo jina lute ni Kiarabu, ni "al-ud" limepitia Hispania na kupinda pinda njiani. Yaani ni udi. Udi ule ule ambao ukienda Mombasa utausikia kwenye taarabu, ule aliokuwa akiupiga marehemu Zein l'Abdin wa Lamu. Kwa hivyo baba wa Matengenezo ya Kanisa, yule tunayeambiwa nyimbo zake hazichezewi, nyumbani kwake alikuwa na chombo kilichotoka kwa Waislamu. Hakuna aliyemwambia ni chombo cha msikitini, sembuse cha baa. Naomba mzee anisikie hapo.

Zile hoja 95 alizitoa 1517. Miaka saba baadaye, 1524, kikatoka kijitabu cha kwanza cha nyimbo, chenye nyimbo nane tu, nne kati yake zake. Nane! Kitabu cha nyimbo kilichoanza mambo yote haya kilikuwa kidogo kuliko albamu ya msanii wa Umoja. Mwaka huo huo rafiki yake Johann Walter akatoa kitabu cha kwaya, Luther akaandika dibaji, na kwenye dibaji alisema nyimbo zimepangwa kwa sauti nyingi kwa ajili ya vijana, wapate kitu kizuri cha kuimba badala ya nyimbo zao za mapenzi. Kabla ya hapo, kwenye misa, waimbaji walikuwa mapadri na kwaya, kwa Kilatini. Watu wa kawaida walikuwa wanasikiliza zaidi. Jamaa alitaka mama mboga wa Wittenberg aimbe kwa lugha yake.

Wimbo wa ngome wenyewe aliuandika kati ya 1527 na 1529. Mwaka wa 1527 tauni iliingia Wittenberg, watu wakakimbia, yeye akabaki akiuguza watu. Siwezi kukuambia kwamba wimbo ulitoka hapo moja kwa moja. Lakini mtu anayeandika kwamba Mungu ni ngome baada ya kuona majirani wakibebwa, simsomi kama mtu aliyekuwa anatafuta mashairi mazuri.

Na nyimbo za baa je? Hapa ndipo naomba msamaha hadharani. Ni uongo. Yaani si uongo wa kusudi, ni porojo iliyokua miguu. Wanamuziki wana jina la umbo fulani la wimbo: mstari unaimbwa, unarudiwa kwa maneno mengine, halafu inakuja sehemu tofauti ya kumalizia. Wajerumani huliita umbo hilo "Bar". Wimbo wa ngome una umbo hilo. Inaonekana msee fulani akasikia "Bar" akaelewa baa, na sisi tuliobaki tukakunywa. Kuna pia msemo maarufu kuhusu shetani na nyimbo tamu ambao hubandikwa kwa Luther; kwenye maandishi yake haupatikani.

Lakini subirini. Kuna mara moja kweli alichukua wimbo wa mtaani. Ni ule wake wa Krismasi, "Vom Himmel hoch". Ulipochapishwa 1535 ulikuwa na sauti ya wimbo wa vitendawili ambao vijana walikuwa wanaimba wakicheza. Na alifanya nini? Mwaka wa 1539 ukatoka tena ukiwa na sauti mpya, ya kanisa. Ile ya mtaani ikatolewa. Kwa hivyo mzee wetu wa Ruiru, bila kusoma chochote, alikuwa na Luther upande wake. Iliniuma kidogo kuandika sentensi hiyo.

Kitu ambacho mzee hana upande wake ni neno "jadi".

Ukisikia wimbo wa ngome ukipigwa kwa kinanda, unatembea kama askari kwenye gwaride. Kila noti sawa, moja, mbili, tatu, nne, mzito, unaweza kuutumia kuzindua daraja. Nilidhani ndivyo Luther alivyouacha. Sivyo. Sauti ya zamani ina noti fupi na ndefu zilizochanganyika, mkazo unaanguka mahali ambapo hukutarajia, ukijaribu kupiga makofi unapotea. Inaruka. Vizazi vilivyofuata ndivyo vilivyoisawazisha polepole, hadi kufikia wakati wa Johann Sebastian Bach, miaka ya 1700, ile iliyonyooka ndiyo ilikuwa ya kawaida, na Bach akaijengea kantata yake maarufu. Kuna Walutheri hadi leo wanaoimba ile inayoruka. Kwa hivyo unaposema "usiuguse, ni wa jadi", inabidi useme jadi ya nani. Ule tunaouona wa jadi tayari umeshaguswa miaka mia mbili mfululizo.

Sasa tuje kwa mshtakiwa wa pili.

Banjo ni ngoma iliyopewa shingo. Ishike uone: kuna duara, kuna ngozi iliyovutwa juu yake (siku hizi plastiki), halafu mti na nyuzi. Mwaka wa 1687 daktari mzaliwa wa Ireland anayeitwa Hans Sloane alifika Jamaika, akawaona Waafrika waliokuwa watumwa huko wakipiga vyombo vya kibuyu, ngozi na nyuzi, na kwenye kitabu chake cha 1707 kuna mchoro wa vyombo hivyo. Baadaye Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani na aliyemiliki watumwa mamia, aliandika kwamba chombo chao ni "banjar", na kwamba walikuja nacho kutoka Afrika. Hata mwenye watumwa hakudai ni chake.

Kutoka Afrika wapi? Magharibi. Huko kuna familia kubwa ya vyombo kama hivyo. Kimoja ni akonting ya Wajola wa Gambia, Senegal na Guinea-Bissau: kibuyu, ngozi, mti mrefu, nyuzi tatu, mmoja wao mfupi. Mwaka wa 2000 Mgambia mmoja, Daniel Laemouahuma Jatta, aliipeleka akonting Boston mbele ya mkutano wa wakusanyaji na wapigaji wa banjo. Wakaona mkono wake. Ukucha unapiga uzi kuelekea chini, kisha kidole gumba kinadaka ule uzi mfupi. Ndivyo wapigaji wa banjo wa milimani Marekani wanavyopiga mtindo wao wa zamani kabisa. Ndivyo mimi ninavyopiga hapa Ruiru, nilivyojifunza kwa video za mzungu mwenye ndevu wa North Carolina. Haimaanishi akonting ndiyo mama mzazi pekee wa banjo, kuna ngoni na xalam na wengine kwenye ukoo. Lakini huo mkono umevuka bahari mara mbili, na mara ya kwanza ulivuka umefungwa pingu.

Sasa jiulize banjo ilifikaje kuwa ya kauboi. Kwa dharau. Miaka ya 1830 na 1840 wazungu kama Joel Sweeney wa Virginia walijifunza kuipiga kutoka kwa watu weusi, wakajipaka masizi usoni, wakapanda jukwaani kuwaigiza watu hao wakiwa wajinga na wavivu. Mwaka wa 1843 kundi la Virginia Minstrels lilijaza kumbi New York kwa hiyo kazi. Ilikuwa burudani kubwa ya taifa. Mtu mweusi akiiona banjo baada ya hapo anaona kejeli, na polepole wengi wakaiweka chini. Mia moja ya miaka ikapita, wazungu wa milimani wakabaki nayo, mwaka wa 1945 Earl Scruggs akaja na mtindo wa vidole vitatu, redio ikafanya kazi yake, na hapo ndipo baba zetu waliosikiliza muziki wa kantri kila Jumapili wakajua banjo. Unajua Wakenya na kantri. Jim Reeves alikufa 1964 na bado yuko kwenye matatu za Thika Road kuliko wanasiasa wengine walio hai.

Siku hizi inarudi. Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi wa North Carolina, amefanya kazi ya kuirudisha kwa miaka karibu ishirini, na kama ulicheza "Texas Hold 'Em" ya Beyoncé mwaka wa 2024, ile banjo ya mwanzo ni yeye.

Najua kuna msee anataka niseme sasa: kwa hivyo banjo ni yetu, kinanda ni cha mkoloni, mzee ameshindwa. Sitaki kusema hivyo. Banjo si ya Thika. Chombo cha nyuzi cha Wakikuyu ni wandindi, uzi mmoja unaokwaruzwa kwa upinde, na wenye kujua kuupiga wamebaki wachache. Nilipima kwenye ramani. Kutoka Thika hadi Gambia ni zaidi ya kilomita elfu sita. Kutoka Thika hadi Wittenberg ni zaidi ya kilomita elfu sita. Vyote viwili ni vigeni, vimetoka mbali karibu sawasawa, na vilikutana kwa mara ya kwanza, kwa ufahamu wangu, katika chumba changu karibu na barabara ya bypass, mimi nikiwa nimevaa vesti.

Lakini wimbo wa Mjerumani haukuja kwetu juzi. Krapf aliyefika Mombasa 1844 na Rebmann aliyemfuata Rabai 1846, hao tuliowakariri kama wamishonari wa kwanza, walikuwa Wajerumani wa malezi ya Kilutheri waliotumwa na shirika la Waanglikana wa Uingereza. Mwaka wa 1886 Walutheri kutoka Bavaria waliingia pwani, na mwaka wa 1891 wakafungua kituo Ikutha, Kitui. Watu wa Thika wenye asili ya Ukambani, ambao ni wengi, wengine mababu zao walifundishwa kusoma na hao. Vita vya Kwanza vilipokuja Wajerumani wakaondolewa na Waingereza, na kazi ikachukuliwa na misheni nyingine. Ndiyo sababu ukimuuliza mtu hapa kuhusu Walutheri anakukodolea macho.

Upande wa Kilimanjaro ikawa tofauti. Misheni ya Leipzig ilifika 1893 na kuanzia hapo Machame. Nao pia walitimuliwa baada ya vita, wakarudi, wakaondolewa tena Vita vya Pili, na kila mara waliobaki kushikilia makanisa walikuwa Wachaga wenyewe, pamoja na Walutheri wa Marekani waliokuja kusaidia miaka ya 1920. Mwaka wa 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Na Wajerumani walipokwenda, kitu kimoja hawakuondoka nacho: tarumbeta. Kwaya za tarumbeta, shaba tupu, sauti nne, zinapiga Krismasi, zinapiga Pasaka, zinapiga makaburini. Nenda msiba wa Mlutheri Machame utazisikia kabla hujaona nyumba.

Na hata hao, KKKT, walikuwa na mgogoro wangu na mzee, ila wao waliufanya kwa akili zaidi. Miaka ya 1960 katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, mmishonari Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete sauti za kwao, za ngoma na za kazi, watunge nyimbo za kanisa. Mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Bukoba, Bernard Kyamanywa, akatunga 1966 wimbo wa Pasaka kwa sauti ya Kihaya, "Mfurahini, Haleluya". Leo uko ndani ya kitabu rasmi cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha 2006. Kwa hiyo wazungu wa Minnesota wanaimba Kihaya, Wachaga wanapiga Mjerumani kwa shaba, na mimi nimekatazwa banjo Ruiru, kwenye kanisa ambalo kinanda chake cha umeme kina kitufe cha mdundo wa benga na kinabonyezwa kila Jumapili wakati wa sadaka.

Haya, tutoke kwa hasira. Bibi alisema kama kanisani imekataliwa tutafanyia uani, wala hakukasirika. Akaniambia nijitayarishe vizuri.

Nikajitayarisha. Na hapa nataka niwaambie kitu kitamu, kwa wale mnaopiga nyuzi. Banjo yangu imefungwa kwa G. Wimbo wa ngome unaanza na noti moja inayopigwa mara tatu, kama mtu anabisha mlango, noti ya juu, halafu mstari wa pili unateremka ngazi hadi noti hiyo hiyo ya chini. Ukiupiga kwa G, ile noti ya kubisha mlango ndiyo ile ile ya uzi mfupi. Yaani ule uzi wa gumba, ambao Mjola na watumwa wa Virginia waliuacha ukilia wakati wote, unalia noti ya kwanza ya Luther kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipogundua hiyo saa saba usiku nilitoka nje nikazunguka ploti mara mbili. Hakuna mtu wa kumwambia. Mlinzi alidhani nimeibiwa.

Nikaupiga kwa ile njia ya zamani, inayoruka, ile ya kabla ya Bach. Kwa banjo inakaa kabisa, kama zilizaliwa pamoja. Siku tatu kabla ya kumbukumbu nikamwita Bibi sebuleni asikie.

Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Nilipomaliza akaniuliza, "Nani amekufundisha kukimbia?"

Nikamweleza. Nikampa yote, 1527, mkazo, noti fupi na ndefu, kwamba hii ndiyo asili, kwamba huo mwendo wa gwaride ulikuja baadaye. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Huyo Luther hakuwepo Machame."

Akachukua kijiko akaanza kugonga ukingo wa sinia. Polepole. Sawasawa. Moja, mbili, tatu, nne. Nikaanza kupiga nikimfuata, na nilipofika mstari wa pili akaanza kuimba, na nikapotea kabisa, kwa sababu hakuwa anaimba ule wimbo. Alikuwa anaimba kitu kingine, chini sana, noti kubwa kubwa zinazoruka kutoka huku hadi kule, bila maneno. Nikasimama. Nikamwambia Bibi, hiyo siyo sauti yenyewe. Akashangaa. Akasema ndiyo yenyewe. Ndivyo baba alivyokuwa anaipiga nyumbani kila jioni.

Ilinichukua muda kuelewa. Baba yake alikuwa anapiga tarumbeta kubwa, besi. Mazoezi alifanyia nyumbani, peke yake, na mtoto chini ya mgomba alichosikia miaka yote ni besi tu. Kanisani aliisikia sauti ya juu kama watu wote, anaijua, lakini ukimwambia wimbo wa ngome kichwani mwake inalia besi. Kwake huo ndio wimbo, na sisi wengine tunaimba mapambo.

Nikatupa hesabu zangu zote. Siku tatu tulifanya mazoezi kwa mwendo wake. Banjo haina besi, uzi wake wa chini kabisa bado uko juu, kwa hivyo yeye ndiye aliyeshika chini.

Siku yenyewe walikuja watu kama thelathini, mahema mawili, chai, mandazi, mvua ikitisha tu. Mzee wa kanisa alikuja pia, na aliomba kwa muda mrefu, maombi mazuri. Zamu yetu ilipofika nilivuta kiti cha plastiki, Bibi akakaa kando yangu na kitenge chake cha bluu. Nilibisha mlango mara tatu, akaingia. Nyuma ya ukuta matatu zilikuwa zinapiga honi na mtu alikuwa anauza maziwa kwa kipaza sauti. Tulipiga mistari yote mara mbili. Baadaye mzee akaja akaomba aone banjo, akaigonga ngozi kwa kidole, mara moja, akasikiliza, akanirudishia. Hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Jioni binti ya shangazi alimtumia mdogo wake Bibi video kule Machame kwa WhatsApp. Yeye ana zaidi ya sabini, alipiga tarumbeta kwenye lile ziko la 1979. Tukangoja. Alama zikawa bluu. Saa nzima hakuna jibu, Bibi akasema pengine amelala.

Halafu ikaingia sauti ya dakika mbili. Hakusalimia. Alikuwa anaimba, bila maneno, na haikuwa sauti ya juu wala haikuwa besi. Bibi akasikiliza kidogo akasema, hiyo ni ya katikati, ndiyo aliyokuwa anapiga yeye. Akaniambia nilete banjo tena, binti ya shangazi ashike simu karibu, tupige pamoja na hiyo sauti. Tukajaribu mara nne. Kila mara tulikosana naye kidogo, yeye mbele, sisi nyuma, na Bibi akawa anasema tena, tena, rudisha mwanzo.